Mnunuzi Mmoja Si Soko: Somo la Mbaazi kwa Hanang na Mbulu

(Yafuatayo ni maelezo ya mazungumzo yaliyotolewa mbele ya walimu na watumishi wa umma wa Wilaya za Mbulu na Hanang, Mkoani Manyara, juu ya biashara baina ya nchi za Asia na namna inavyowagusa wakulima wetu.)



Nimeombwa nizungumzie maendeleo ya biashara na uhusiano wa kiuchumi baina ya nchi mbili za Asia, yaani India na Myanmar, ile ambayo wengi wetu tuliisoma shuleni kwa jina la Burma. Huenda baadhi yenu mmejiuliza: mambo ya India na Myanmar yanamhusu nini mtu wa Endasak, wa Gehandu au wa Dongobesh? Swali hilo ni la haki. Nitajaribu kulijibu kwa kutumia zao moja tu, nalo ni mbaazi.

Nimechagua mbaazi kwa sababu ni zao linalolipa karo za watoto mnaowafundisha ninyi walimu, na ni zao linaloingia katika hesabu za mapato ya halmashauri mnazozitumikia ninyi watumishi. Mwaka wa 2017 zao hilo liliporomoka bei kwa ghafla, na wakulima wengi wa mkoa huu hadi leo hawajaelezwa vizuri kwa nini. Wako walioambiwa kwamba wachuuzi ni wezi. Wako walioambiwa kwamba mbaazi zao zilikuwa mbovu. Ukweli ni mpana zaidi, na mwananchi anayo haki ya kuujua.

ZAO NA MLAJI WAKE

Mbaazi si zao geni kwetu, ingawa asili yake ni Bara Hindi. Watu wa mwambao huzipika kwa nazi na kuzila asubuhi kwa mahamri. Huku bara, katika Karatu, Babati, Hanang na sehemu za Mbulu, zimekuwa zao la kuuza kuliko la kula. Mkulima huzichanganya na mahindi katika shamba moja. Mvua zinapoanza hupanda vyote viwili. Mahindi huvunwa katikati ya mwaka, na mbaazi hubaki shambani zikiendelea kukua kwa unyevu uliosalia ardhini, hata zikavunwa kati ya Agosti na Oktoba. Mizizi yake huirudishia ardhi naitrojeni, majani yake hupukutika yakawa mbolea, na miti yake huwa kuni. Kwa hiyo hata mahali ambapo bei si nzuri, zao hili lina fadhila kwa ardhi iliyochoka.

Watafiti wetu wa Selian, Arusha, hawakukaa kimya. Wakishirikiana na ICRISAT, taasisi ya kimataifa ya utafiti wa mazao ya nchi kame yenye makao yake makuu karibu na mji wa Hyderabad nchini India, walitoa mbegu bora, mojawapo ikiwa ni ile iitwayo Mali, inayostahimili ugonjwa wa mnyauko. Hivyo uhusiano wetu na India katika zao hili haukuanzia sokoni. Umefika hata katika mbegu.

Sasa tumtazame mlaji. India huzalisha mbaazi kuliko nchi nyingine yoyote duniani, huzila kuliko nchi nyingine yoyote, na huziagiza kutoka nje kuliko nchi nyingine yoyote. Huko huitwa tur au arhar. Huondolewa ganda, hupasuliwa mara mbili, hupikwa kuwa dali. Kwa mamilioni ya watu wasiokula nyama, dali ndiyo mboga, ndiyo protini, ndiyo chakula cha kila siku. Bei ya dali ikipanda nchini India, Serikali hutikisika, kama vile bei ya unga inavyoweza kutikisa miji yetu.

Lipo jambo la kalenda ambalo ningependa walimu walishike vizuri. Wakulima wa India hupanda mbaazi mvua za masika yao zinapoanza, mwezi wa Juni na Julai, na huanza kuvuna karibu na mwisho wa mwaka. Myanmar nayo huvuna mwanzoni mwa mwaka. Mbaazi zetu huwa tayari kuanzia Agosti. Maana yake ni kwamba mzigo wetu hufika katika bandari za India wakati maghala yao yamepungua na mavuno yao mapya bado hayajaingia. Hiyo ni nafasi tuliyopewa na majira, na ndiyo nguvu yetu kubwa katika biashara hii. Lakini nguvu hiyo ina masharti: ni lazima mlango uwe wazi mzigo unapofika.

JIRANI WAWILI WA ASIA

India na Myanmar ni nchi jirani zenye mpaka wa zaidi ya kilomita 1,600. Hadi mwaka wa 1937 Burma ilitawaliwa na Waingereza kama sehemu ya India. Wafanyabiashara wa Kihindi walikwenda Burma kama walivyokuja Zanzibar na Bagamoyo, na mchele wa Burma ulilisha miji ya India. Mambo ya siasa yamebadilika mara nyingi tangu wakati huo, lakini biashara ya chakula ingalipo. Wakulima wa Myanmar hulima mbaazi na choroko nyeusi hasa kwa ajili ya kuuza India. Kama ilivyo kwa mkulima wa Hanang, mkulima wa Myanmar anaye mlaji mmoja mkubwa, na mlaji huyo hayuko nchini mwake.

Kwa hiyo, ndugu zangu, yule mkulima wa Asia ambaye hatumjui ni mwenzetu na tena ni mshindani wetu. Ni mwenzetu kwa sababu yale yanayotupata ndiyo yanayompata. Ni mshindani wetu kwa sababu kila tani atakayoiuza yeye India ni tani ambayo India haitahitaji kuinunua kwetu. Mapatano yoyote baina ya Serikali ya India na Serikali ya Myanmar, hata kama hayataji jina la Tanzania, yanagusa mizani ya mnunuzi pale Katesh. Hilo ndilo jibu la swali nililoanza nalo.

TANGAZO LA AGOSTI 2017

Katika miaka ya 2014 na 2015 mvua zilikuwa haba nchini India. Mavuno yakapungua, na kufikia mwisho wa mwaka wa 2015 kilo moja ya dali ya mbaazi iliuzwa kwa kiasi cha rupia 200 katika baadhi ya miji. Serikali ya India ikafanya mambo mawili. Kwanza, ilitafuta mzigo zaidi kutoka nje. Pili, iliwahimiza wakulima wake kupanda mbaazi kwa wingi, ikawapandishia bei ya chini inayowekwa na Serikali.

Habari za bei hiyo kubwa zilifika huku kwa njia ya wachuuzi. Mkulima wa Hanang na Babati aliyeuza kilo kwa zaidi ya shilingi 2,000 alifanya lile ambalo mtu yeyote mwenye akili angelifanya: akaongeza shamba. Wala hakukosea kwa jinsi alivyoona. Lakini mkulima wa Maharashtra na wa Karnataka naye alikuwa ameiona bei ile ile, naye akaongeza shamba. Na mvua zikanyesha vizuri. Mavuno ya mbaazi ya India, yaliyokuwa kiasi cha tani milioni 2.56 katika msimu wa 2015/16, yalipanda hadi kiasi cha tani milioni 4.87 katika msimu wa 2016/17. Yaani katika mwaka mmoja tu yalikaribia kuwa maradufu.

Bei ndani ya India ikaanguka chini ya ile iliyowekwa na Serikali, na wakulima wao wakalalamika. Ndipo tarehe 5 Agosti, 2017, Serikali ya India ilipotoa tangazo kwamba mbaazi si bidhaa ya kuingizwa kwa uhuru tena, na kwamba kiasi kitakachoruhusiwa kwa mwaka hakitazidi tani 200,000. Myanmar ilipigwa na tangazo hilo. Malawi ilipigwa. Kenya ilipigwa. Na sisi tulipigwa.

Hebu tuitazame tena ile kalenda. Tarehe 5 Agosti mbaazi za Hanang zilikuwa zimekomaa shambani. Mkulima alikwisha kulima, alikwisha kupanda, alikwisha kupalilia, na wengine walikwisha kukopa kwa kutegemea mavuno hayo. Hakuwa na nafasi ya kubadili zao. Bei ikashuka hadi shilingi mia chache kwa kilo, na mahali pengine mnunuzi hakuonekana kabisa. Wako walioziacha zikapukutikia shambani, kwa kuwa gharama ya kuvuna na kupura ilishinda bei.

Mwalimu Nyerere alizoea kupima biashara ya dunia kwa kuuliza ni tani ngapi za mkonge zinahitajika kununua trekta moja. Kipimo hicho ni kizuri kwa sababu hakidanganywi na thamani ya fedha. Tukitumie basi kwa mbaazi. Tuchukue mfano wa pikipiki iliyotoka India, na tuseme bei yake ni shilingi 3,000,000. Mbaazi zikiuzwa kwa shilingi 2,000 kwa kilo, mkulima anahitaji kilo 1,500, yaani magunia 15 ya kilo mia mia. Zikiuzwa kwa shilingi 300, anahitaji kilo 10,000, yaani magunia 100. Jembe ni lile lile, na jasho ni lile lile. Hesabu hiyo yaweza kufundishwa katika darasa la tano, na ningefurahi kama ingefundishwa.

Nisieleweke vibaya. Siilaumu Serikali ya India kwa kuwalinda wakulima wake. Kila serikali ina wajibu huo, na sisi pia tumewahi kufunga mipaka yetu kwa ajili ya chakula. Ninachosema ni kwamba mtu anayemtegemea mnunuzi mmoja, bila ya maandishi ya kumfunga mnunuzi huyo, hana soko. Ana bahati tu. Na bahati haina msimu.

TOFAUTI YA MSUMBIJI

Mwezi wa Julai, 2016, Waziri Mkuu wa India, Ndugu Narendra Modi, alizitembelea nchi kadhaa za Afrika, zikiwamo Msumbiji na Tanzania. Huko Msumbiji Serikali hizo mbili zilitia saini mapatano ya muda mrefu kwamba India itanunua mbaazi na mazao mengine ya jamii ya kunde, kuanzia tani 100,000 na kupanda mwaka hata mwaka hadi kufikia tani 200,000. Dar es Salaam nako kulikuwa na mazungumzo mema. Ilitiwa saini mikataba, ukiwamo wa mkopo wa dola milioni 92 kwa ajili ya maji ya Zanzibar, na viongozi walikubaliana kwamba Tanzania iongeze mauzo ya mazao ya jamii ya kunde kwa India. Lakini kukubaliana kuongeza si sawa na kuandika idadi ya tani.

Tangazo la Agosti 2017 lilipotolewa, liliweka wazi kwamba kizuizi kile hakitagusa ahadi zilizomo katika mapatano baina ya Serikali na Serikali. Mzigo wa Msumbiji ukawa na mlango wake. Wa kwetu ukabaki kusukumana na wengine katika zile tani 200,000.

Myanmar na Malawi zilisoma somo hilo. Mwaka wa 2021 India ilitia saini mapatano na Myanmar ya kununua kila mwaka tani 100,000 za mbaazi na tani 250,000 za choroko nyeusi kwa muda wa miaka mitano, na mapatano na Malawi ya tani 50,000 za mbaazi kwa mwaka kwa muda kama huo. Mapatano ya Msumbiji nayo yaliongezewa miaka mitano kwa kiwango cha tani 200,000. Tanzania haikuwamo katika orodha hiyo. Tumeendelea kuuza, tena kwa wingi, lakini tumeuza kwa kutegemea mlango uliofunguliwa kwa wote, siyo kwa haki iliyoandikwa.

Hata hivyo ni lazima tuwe wakweli. Mkataba peke yake hauponyi. Hata Msumbiji, bei aliyolipwa mkulima ilianguka vibaya mwaka wa 2017, kwa kuwa mkataba ulitaja tani bila ya kutaja bei, na wenye vibali vya kuuza nje walikuwa wachache. Mwishoni mwa mwaka wa 2023 shehena kubwa ya mbaazi ilikwama katika bandari ya Nacala kwa sababu ya magomvi ya wafanyabiashara wenyewe kwa wenyewe. Mkataba ni mlango. Lakini mlango ukiwa wazi na funguo zake zikashikwa na watu wachache, mkulima bado yuko nje.

SOMO LA BASOTU

Wilaya hizi hazihitaji kwenda Msumbiji kujifunza jambo hilo. Wazee wetu wanakumbuka mashamba ya ngano ya Basotu. Kuanzia miaka ya 1970 nchi yetu ilikuwa na mapatano na Kanada. Kanada ilitoa mashine, wataalamu na mafunzo; Shirika la Chakula na Kilimo la Taifa, NAFCO, likaendesha mashamba makubwa saba katika nyanda za Hanang, yaliyochukua kiasi cha hekta 40,000. Shabaha ilikuwa njema: Taifa lijitosheleze kwa ngano, lisitumie fedha za kigeni kuagiza mkate. Na ngano ilipatikana kwa wingi.

Lakini ardhi ile haikuwa mapori yasiyo na mwenyewe. Ilikuwa malisho ya Wabarbaig, wenye utaratibu wao wa kuhamisha mifugo kwa kufuata majira. Walipoteza malisho, njia za kwenda kwenye maji na hata makaburi ya wazee wao. Wanakijiji wa Mulbadaw walikwenda mahakamani, na katika miaka ya 1980 shauri lao lilifika hadi Mahakama ya Rufani. Msaada wa Kanada ulipokoma katika miaka ya 1990, mashine zilianza kukosa vipuri, mavuno yakapungua, na baadaye mashamba yakaingia katika mkondo wa ubinafsishaji. Jeraha la ardhi lilibaki muda mrefu kuliko trekta.

Nayataja haya si kwa ajili ya kufufua ugomvi, bali kwa sababu yanakamilisha somo la mbaazi. Mwaka wa 2017 tulikuwa na wakulima wengi bila ya mkataba. Basotu tulikuwa na mkataba mzuri baina ya Serikali mbili, lakini mwenye malisho hakuwapo mezani. Uhusiano wa kiuchumi na nchi ya nje hauwezi kusimama mpaka yote mawili yapatikane: maandishi yenye nguvu, na mzalishaji aliyeshirikishwa anayejua kilichoandikwa.

HALI ILIVYO SASA

Mwezi wa Mei, 2021, India ilifungua tena mlango wa mbaazi, na tangu hapo imeurefusha muda wa ruhusa hiyo mara kadhaa. Aidha, tangu mwaka wa 2008 India imekuwa na mpango wa kuzipunguzia au kuziondolea ushuru bidhaa za nchi zenye maendeleo duni kabisa, na Tanzania imo katika mpango huo. Rais Samia Suluhu Hassan alipozuru India mwezi wa Oktoba, 2023, nchi zetu mbili ziliupandisha uhusiano wao kuwa ushirika wa kimkakati na zikakaribisha biashara kwa kutumia shilingi na rupia. Katika mwaka wa 2022/23 biashara yote baina ya nchi hizi ilizidi dola bilioni 6. Wao hutuletea mafuta yaliyosafishwa, dawa, mashine, pikipiki na bajaji. Sisi huwapelekea dhahabu, korosho na jamii ya kunde.

Bei ya mbaazi nayo ilipanda tena, na mkulima ameanza kusahau. Hapo ndipo ninapoona hatari. Kila ruhusa ya India imewekewa tarehe ya mwisho. Na mwezi wa Februari, 2025, katika bajeti yake, Serikali ya India ilitangaza mpango wa miaka sita wa kujitosheleza kwa mazao ya jamii ya kunde, ukilenga hasa mbaazi, choroko nyeusi na adesi, pamoja na ahadi ya kununua mazao hayo kutoka kwa wakulima wake. Hatuwezi kuwakataza kujitegemea. Sisi wenyewe tuliifundisha dunia neno hilo. Lakini mpango wao ukifanikiwa, mlango wetu utakuwa mwembamba. Na hata usipofanikiwa kwa ukamilifu, mwaka mmoja wa mvua nzuri kwao watosha kutuletea 2017 nyingine.

Wakati huo huo Serikali yetu imeziingiza mbaazi katika mfumo wa stakabadhi za ghala na minada inayoendeshwa kupitia Soko la Bidhaa Tanzania. Utaratibu huo una wanaoupenda na wanaoulalamikia, hasa kwa makato na kwa kungojea malipo. Lakini umeleta jambo moja ambalo halikuwapo zamani: bei ya mnada inatangazwa hadharani, na mkulima anaweza kujua jirani yake ameuza kwa kiasi gani. Mfumo wenye kasoro hurekebishwa, giza halirekebishiki.

WAJIBU WETU

Ndugu Walimu na Ndugu Watumishi, kazi ya kutia saini mikataba si yetu. Hiyo ni ya Serikali Kuu, na ni haki ya wananchi kuomba kwa njia zinazofaa kwamba Tanzania nayo iandikiwe tani zake, kama walivyoandikiwa Myanmar, Malawi na Msumbiji. Lakini yako mambo manne yaliyo mikononi mwetu.

La kwanza ni habari. Mwaka wa 2017 habari za mavuno makubwa ya India zilikwisha kuchapishwa miezi mingi kabla ya Agosti. Hazikufika kijijini. Mabwana shamba na mabibi shamba wanafika vijijini, na shule iko karibu kila kijiji. Si kazi kubwa kubandika katika ubao wa matangazo wa ofisi ya kijiji, kabla ya mbegu kuingia ardhini, karatasi moja yenye mambo matatu: mvua za India zilikuwaje, mavuno yao yanatazamiwa kuwa kiasi gani, na ruhusa ya kuingiza mbaazi inakwisha lini. Mkulima hahitaji kuambiwa apande nini. Anahitaji kuambiwa anayoyajua mnunuzi.

La pili ni takwimu na vipimo. Serikali haiwezi kudai tani katika mkataba ikiwa haijui ina tani ngapi. Taarifa ya mavuno inayoandikwa mezani kwa kunakili ya mwaka uliopita na kuongeza kidogo ni hasara kwa Taifa. Hali kadhalika gunia la lumbesa ni wizi wa mchana, na afisa anayelitazama likipakiwa bila ya kusema neno ameshiriki. Mbaazi chafu, zenye mawe na wadudu, huharibu jina la mkoa mzima. Anayefundisha usafi wa zao anapandisha bei kuliko anayelalamika.

La tatu ni kupanua walaji. Ni jambo la kutafakari kwamba tunalima chakula chenye protini nyingi, tunakipeleka ng'ambo ya bahari, na watoto wetu shuleni wanakula makande yenye maharage machache. Bei ilipoanguka mwaka wa 2017 hatukuwa na mazoea ya kuzila mbaazi, hivyo hazikuwa na pa kwenda. Shule zenye mpango wa chakula cha mchana zinaweza kuanza: makande ya mbaazi yanapikika, nazi ikikosekana yapo mafuta ya alizeti ya hapa hapa. Aidha, kuna kazi ya kupasua mbaazi kuwa dali. Anayeuza punje nzima huwaachia wengine kazi hiyo na faida yake. Na dali inaweza kuuzwa Nairobi, Dubai au Uingereza, mahali popote walipo walaji wake, bila ya kungoja ruhusa ya Delhi peke yake.

La nne ni kutokuweka mayai yote katika tenga moja. Watu wa Mbulu wana mfano mzuri katika vitunguu saumu. China ndiyo mzalishaji mkubwa kuliko wote wa vitunguu saumu duniani, na ingekuwa mkulima wa Mbulu anategemea kukiuza kitunguu chake Asia, asingefua dafu. Lakini kina walaji katika kila jiko la nchi yetu. Bei yake hupanda na kushuka, hilo ni kweli. Ila hakuna tangazo moja la mji wa mbali linaloweza kulifunga soko lote kwa siku moja. Mkulima wa Hanang mwenye mbaazi, mahindi, alizeti na mifugo yuko salama kuliko yule aliyeng'oa vyote akapanda mbaazi tupu kwa sababu ya bei ya mwaka mmoja.

Ndugu zangu, sijasema kwamba tuache mbaazi, wala kwamba tuiogope India. Biashara baina ya watu wa pwani hii na watu wa Bara Hindi ni ya kale kuliko Serikali zetu zote mbili, na rupia ilitumika katika masoko yetu kabla ya shilingi kuzaliwa. Biashara hiyo itaendelea. Ninachosema ni kwamba katika biashara ya leo wakulima wa nchi tatu, yaani India, Myanmar na Tanzania, wanasukumana katika mizani moja bila ya kuonana. Wa India ana Serikali yake inayomlinda kwa bei na kwa tangazo. Wa Myanmar alipata maandishi ya miaka mitano. Wa Hanang anacho kitu gani mkononi?

Jibu la swali hilo halitatoka Asia. Litatoka Dodoma kwa mkataba, litatoka katika ofisi zenu kwa takwimu za kweli, na litatoka katika madarasa yenu kwa kijana atakayejua kwamba bei ya gunia la baba yake haikuandikwa mbinguni. Mbaazi zitapandwa tena mvua zikianza. Basi na karatasi ile ibandikwe kabla ya mvua.